Mtoto Mdogo Hujifunza Nini Nyumbani?



Leo twaendelea na jambo linalofuata ndoa, yaani malezi ya watoto wadogo, tangu wangali tumboni mwa mama zao mpaka siku wanapovaa nguo za shule. Wengi wenu mna watoto wa namna hiyo nyumbani, na wengine mtawapata. Someni polepole, na ajuaye kusoma amsomee asiyejua.

Nianze na jambo ninaloliona kila mwaka katika mwezi wa Septemba, shule inapofunguliwa. Watoto wa darasa la kwanza huketi mbele yangu. Wote wana miaka sita, wote wametoka katika vijiji vilevile vya kando ya Lubumbashi, wote wamelishwa bukari uleule. Namwuliza mmoja jina lake. Asimama, alitaja, alitaja na la baba yake, na kama simzuii ataka kunieleza habari za mbuzi wao aliyezaa. Namwuliza mwenzake. Yeye atazama chini, avuta pindo la shati, hasemi neno. Nampa kipande cha chaki, naye hajui akishike namna gani.

Watu husema, "Ndivyo alivyozaliwa. Akili ni za ukoo." Mimi pia nilisema hivyo katika miaka ya kwanza ya ualimu wangu. Lakini nilipoanza kuwatembelea wazazi nyumbani kwao, nilikuta nyumba mbili zinazotazamana, baba zao ni ndugu wa tumbo moja, ukoo ni mmoja. Mtoto msemaji alitoka nyumba hii, na mtoto mnyamavu alitoka nyumba ile. Ukoo haukuwa na neno hapo. Kilichotofautiana ni mambo madogo yanayofanyika kila siku bila mtu kuyafikiri: nani huongea na mtoto, nani humlisha, huchezea mahali gani, na baba akirudi jioni kunatokea nini.

Ninyi ni wakulima, basi sikilizeni mfano wa mahindi. Mvua za kwanza zikishika katika Novemba, mwapanda. Majuma yanayofuata ndiyo yenye kazi. Mtu akiyaacha magugu yayasonge mahindi yangali machanga, hawezi kuyaponya kwa kupalilia mwezi wa Machi, hata akipalilia mchana na usiku. Ubongo wa mtoto ni hivyo. Siku ya kuzaliwa, uzito wake ni kama robo ya ubongo wa mtu mzima. Akitimiza miaka miwili umekwisha kufika karibu robo tatu, na akiwa na miaka mitano au sita umekaribia ukubwa wake wote. Maana yake mimi mwalimu napokea shamba ambalo wengine wamekwisha kulilima. Sisemi kwamba baada ya hapo mtu hajifunzi tena, la; ninyi wenyewe mwajifunza leo mkiwa na mvi. Lakini kujifunza huko kwasimama juu ya msingi uliojengwa wakati ule ambao watu husema, "Huyu bado mdogo, hajui kitu."

Hajui kitu? Mtoto husikia kabla ya kuzaliwa. Katika miezi ya mwisho ya mimba sauti ya mama humfikia, na akizaliwa huitambua kati ya sauti nyingine. Tazameni mama anayetwanga sombe, mtoto yuko mgongoni. Mama mmoja hutwanga kimya, mawazo yake yako mbali. Mwingine hutwanga na kusema, "Huu ni mchi. Unasikia? Tu, tu, tu! Leo tutatia karanga." Mtoto atoa sauti yake, mama amjibu kama anayemjibu mtu mzima, kisha anyamaza kidogo amngoje tena. Kazi haikuchelewa hata dakika moja, wala hakulipa kitu. Lakini mtoto amejifunza kwamba neno lake lina mwenye kulipokea. Kusema huanzia hapo. Mtoto ambaye sauti zake hazijibiwi, mwisho huacha kuzitoa.

Katika nyumba ile ya mtoto mnyamavu, mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuuza makala njiani, akirudi giza limeingia. Mtoto aliachwa na dada yake wa miaka minane, aliyeagizwa jambo moja tu: "Asilie." Dada alishika agizo vizuri. Mtoto alikaa juu ya mkeka, na kila jirani aliyepita alisema, "Mtoto mwema huyu, hasumbui!" Tazameni sasa: alisifiwa kwa sababu ya kunyamaza, miaka mitano mfululizo, na mwaka wa sita mimi nikataka aseme. Katika nyumba ya pili umaskini ulikuwa uleule, na makala yaleyale. Lakini palikuwa na nkambo, mama wa mama, ambaye miguu yake haikuweza tena kufika shambani. Kazi yake ilikuwa kukaa na watoto na kuwahadithia habari za Kalulu, yule sungura mjanja, na kila mara alisimama katikati akiuliza, "Sasa Kalulu atafanya nini?" Watoto walijibu kwa makelele. Nkambo yule hajui kusoma hata herufi moja, lakini nusu ya kazi yangu ya darasa la kwanza aliifanya yeye.

Wengine huniuliza, "Mwalimu, tuongee naye lugha gani? Kibemba, Kisanga, Kiswahili, au Kifaransa?" Nawajibu, ongeeni lugha ile mnayoijua vizuri, ile mnayoweza kuchekea na kubembelezea. Mtoto aliyepata maneno mengi katika lugha moja hupata upesi maneno ya lugha nyingine, na wengi wa watoto wetu hushika mbili au tatu bila taabu. Nimewaona mjini wazazi wanaomnenea mtoto Kifaransa cha maneno ishirini, maana hawana zaidi ya hayo. Mtoto huyo naye atakuwa na maneno ishirini. Kifaransa tutamfundisha shuleni. Tena siku hizi wako wanaomtuliza mtoto mchanga kwa kumpa simu atazame picha. Simu husema sana, lakini haimngoji mtoto ajibu.

Sasa nije kwenye kulisha. Hapa yafaa tukumbuke habari za zamani kidogo. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, ndio mji unaoitwa Lubumbashi tangu 1966, katika mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la shaba la Union Minière lilianza kazi. Mwanzoni kampuni ilichukua wanaume peke yao, kwa muda mfupi. Tangu miaka ya 1920 ikageuza desturi hiyo, ikataka mfanyakazi akae kambini na mke na watoto, maana watoto hao ndio wangekuwa wafanyakazi wa kesho. Makambini wakagawa posho, wakaweka mahali pa kuzalia, na mizani ya kupimia watoto wachanga. Mizani ile ilikuwa jambo jema, na mpaka leo napenda kila mama mwenye mtoto mdogo aifuate kila mwezi kwenye kituo cha afya. Mtoto asiyeongezeka uzito miezi miwili ana neno, hata kama anacheka.

Lakini pamoja na mizani yalikuja mashauri mengine. Mama zetu wa zamani walinyonyesha miaka miwili, hata mitatu, na katika muda huo mume na mke walijitenga, ili mimba nyingine isije upesi. Wazungu wengi wa serikali na wa makampuni, katika Kongo ya wakati ule, waliona kwamba desturi hiyo yapunguza idadi ya watu. Wakawashauri akina mama waachishe mapema, wampe mtoto maziwa mengine na uji. Basi, leo Shirika la Afya Ulimwenguni lafundisha nini? Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi sita, bila maji, bila uji, bila dawa za majani. Baada ya miezi sita aongezewe chakula. Na aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Nkambo zetu hawakuwa wajinga. Si kila kilicholetwa na reli kilikuwa bora kuliko kilichokuwapo.

Nkambo hao lakini walikosea jambo moja, nalo ni maji na uji mwepesi wanaowapa watoto wa mwezi mmoja, kwa kusema, "Ana kiu, ni kiangazi." Maziwa ya mama yana maji ya kutosha hata katika joto la Oktoba. Maji ya kisima humletea kuhara, na kuhara kila mara kwamnyima nguvu ya kukua.

Kuhusu chakula baada ya miezi sita, hali yetu ni mbaya. Katika uchunguzi wa nchi nzima uliofanyika miaka ya 2017 na 2018, kati ya watoto 100 wa Kongo walio chini ya miaka mitano, kiasi cha 42 walikutwa wafupi kuliko inavyopasa umri wao. Ufupi huo si wa kimo tu. Mwili uliokosa chakula katika miaka miwili ya kwanza huwa na ubongo uliokosa pia. Nanyi mtaniambia, "Mwalimu, hatuna fedha." Najua. Lakini tazameni desturi moja isiyohitaji fedha. Katika nyumba nyingi watoto wote hula katika sahani moja. Wakubwa wana mikono mikubwa na haraka. Mdogo wa miaka miwili amega bonge moja, acheza nalo, na akiinua macho kitoweo kimekwisha. Mama aona sahani ni tupu, asema, "Watoto wameshiba." Mpeni mdogo sahani yake mwenyewe, na mtu wa kukaa naye mpaka amalize. Hapo ndipo utakapojua amekula kiasi gani.

Na kitoweo kigawanyweje? Mara nyingi samaki huenda kwa baba, na mchuzi kwa watoto. Baba mwenye mtoto wa mwaka mmoja amkatie kipande katika sehemu yake. Hatapungukiwa na heshima. Uji wa mahindi matupu hushibisha tumbo bila kujenga mwili. Utiwe karanga zilizotwangwa, au soya, au samaki wadogo waliokaushwa na kusagwa pamoja na vichwa vyao, na mafuta ya ngazi kijiko kimoja. Viwavi tunaowakusanya msituni majira ya mvua ni chakula cha nguvu. Wakaushwe, watwangwe, watiwe katika uji. Lengalenga humea hata nyuma ya choo. Ipandeni mahali safi. Wako wanaosema mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Mimi nimewajua wezi wengi ambao hawakupata yai hata siku moja utotoni.

Sasa neno kwa akina baba wanaochimba madini au kufanya kazi kwenye matanuru. Nawaomba mlisome mara mbili. Udongo wa nchi yetu una shaba na kobalti, na pamoja nazo metali nyingine, kama risasi. Risasi ni sumu ya ubongo. Mtoto mdogo huiingiza mwilini kwa wepesi kuliko mtu mzima, na hata kidogo chake hupunguza akili, bila homa wala maumivu ya kumwonya mzazi. Kwa hiyo hakuna kiasi chake ambacho waganga hukihesabu kuwa salama. Katika mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na matanuru, ndani ya kilomita tatu, walikutwa na kobalti na metali nyingine nyingi kuliko waliokaa mbali. Katika mwaka 2020 wakatangaza tena uchunguzi wa watoto waliozaliwa Lubumbashi na kilema: vilema vilionekana zaidi kwa watoto ambao baba zao hufanya kazi za madini. Hawakusema kila mtoto wa mchimbaji atakuwa na kilema, nanyi msiogope hivyo. Lakini sumu hiyo yaweza kufika nyumbani, na mara nyingi njia yake ni nguo na mikono.

Baba arudi jioni. Nguo zake ni nyekundu kwa vumbi. Mtoto amkimbilia, naye ambeba, maana ampenda. Mtoto ashika shati, kisha atia vidole kinywani, kama watoto wote wanavyofanya. Tena gunia la madini limewekwa ndani ya nyumba, karibu na mkeka wa kulalia, kwa kuogopa wezi. Baba huyo hana kosa la moyo. Lakini avue nguo za kazi nje, azitundike mahali ambapo watoto hawafiki, aoge mikono, uso na nywele, ndipo ambebe mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nguo za mtoto. Gunia lisilale ndani. Mama anyunyize maji kabla ya kufagia, ili vumbi lisiruke, na kila mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Pasipo sabuni, jivu lafaa. Mboga zilizomea kando ya barabara ya malori zioshwe kwa maji mengi. Na mahali mnapooshea madini mtoni, pasiwe mahali pa watoto kuogelea, wala mama mwenye mimba asiende kuoshea huko kwa ajili ya fedha kidogo.

Limebaki jambo la hasira, na hapo sina budi kujisema mwenyewe. Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa na miaka mitatu, niligundua kwamba akisikia kengele ya baiskeli yangu hukimbilia nyuma ya nyumba. Nilidhani ni mchezo. Mke wangu akaniambia taratibu, "Si mchezo, baba. Akuogopa." Nilikuwa mtu wa kurudi nimechoka na watoto wa watu, na kofi langu lilikuwa jepesi: maji yakimwagika, kofi, akiuliza mara ya pili, kofi. Niliita hiyo adabu. Lakini mtoto mwenye hofu hajifunzi adabu, ajifunza kutazama mkono wa baba. Moyo wapiga mbio, masikio hayapokei, na lile ulilotaka kumfundisha halikuingia. Nimeona jambo hilohilo darasani. Mtoto aliyezoea kupigwa nyumbani, nikiinua chaki tu, ajifunika kichwa.

Haikunitoka kwa siku moja. Nilijiwekea desturi ndogo: nikifika, baiskeli ukutani, maji usoni, kisha naketi juu ya kigoda kwa muda kidogo kabla ya kuuliza lolote juu ya nyumba. Mtoto akikosa, namketisha, namwambia kosa lake kwa maneno machache, na kama ameharibu kitu twakitengeneza pamoja. Ilichukua karibu majira mazima ya mvua mpaka alipoacha kukimbilia nyuma ya nyumba.

Ninyi mnaojiandaa kwa ubatizo mtaombwa siku moja kuwaleta na watoto wenu, na Kanisa litawaambia kwamba ninyi ndio walimu wao wa kwanza. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulilisema hilo wazi mwaka 1965, katika tamko lake juu ya malezi. Mtoto hushika ishara ya msalaba kwa kuutazama mkono wa mama kila jioni, miaka kabla ya kuelewa maneno. Kwa njia ileile hushika matusi, kama ndiyo anayoyasikia kila jioni. Kwake yote mawili ni desturi za nyumba yake.

Nirudi kwa mtoto yule mnyamavu, kwa maana wengine mtaniuliza habari zake. Mama yake hakuweza kuacha makala, nani angewalisha? Lakini ana mtoto mwingine, mdogo, wa miaka mitatu. Tulipoongea, akaamua kumchukua huyo pamoja naye barabarani badala ya kumwacha juu ya mkeka. Humketisha kivulini, huhesabu naye mafungu ya makala, humfundisha kuwasalimu wanunuzi. Dada mkubwa amerudi shuleni. Jioni watoto wa nyumba zote mbili huenda kwa nkambo kusikiliza habari za Kalulu.

Yule wa darasani alikaa kimya mpaka Februari. Siku moja mwenzake alisimama ubaoni akaandika kwamba tatu na nne ni nane. Kutoka benchi la nyuma tukasikia sauti ambayo darasa zima halikuijua: "Ni saba. Hesabu tena."